Kunakili Vitabu vya Chama Kutoka Katika Seva Pasipo Kushika Ufunguo Mkuu

Vyama vingi vya akiba na mikopo katika Nyanda za Juu Kusini haviandiki tena daftari la wanachama kwa mkono. Hisa, akiba, mikopo na marejesho huingizwa katika kompyuta ya ofisini, nayo huyapeleka kwa njia ya mtandao hadi katika seva, yaani kompyuta itumikiayo ofisi nyingi kwa wakati mmoja. Mara nyingi seva hiyo si mali ya chama. Ni ya kampuni iliyouza programu ya hesabu, na ndani yake mnakaa vitabu vya vyama kadhaa bega kwa bega, kila kimoja kikitengwa na mwenziwe kwa ukuta wa ruhusa. Katibu aombapo nakala ya vitabu vya chama chake kila siku, huweza kujibiwa kwamba nakala huchukuliwa na mwenye ufunguo mkuu peke yake, na kwamba ufunguo mkuu hautolewi.

Jibu hilo ni la kweli kwa nusu yake. Ni kweli kwamba ufunguo mkuu hautolewi, wala haufai kutolewa. Katika mitambo ya Linux na jamaa zake, ambayo ndiyo iendeshayo seva nyingi duniani, yuko mtumiaji mmoja aitwaye ruti. Ruti hazuiwi na ruhusa ya faili lolote: husoma kila kitu, hufuta kila kitu, hubadilisha hata kumbukumbu zionyeshazo nani aliingia na alifanya nini. Chama kimoja kikipewa uwezo huo katika seva ya pamoja, kimepewa pia vitabu vya jirani zake. Lakini nusu ya pili ya jibu si sahihi. Kuchukua nakala ni kazi ya kusoma, na kusoma hakuhitaji uwezo wa ruti.

Wana ushirika tunalifahamu jambo hili tangu zamani kwa njia nyingine. Mkaguzi wa COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982 kwa ajili ya kukagua vyama vyetu, afikapo ofisini huwekewa mezani daftari la fedha, leja, stakabadhi na mihtasari ya mikutano. Husoma kila ukurasa. Haandiki hata nukta katika vitabu hivyo, wala hakabidhiwi ufunguo wa kasha la fedha aende nao nyumbani. Akaunti ya kunakili ndani ya seva yapasa kuwa na cheo kama hicho cha mkaguzi, na sehemu kubwa ya makala haya ni maelezo ya namna ya kuipatia cheo hicho na kuhakikisha haikizidi.

Kwanza yafaa kutazama hasara inayokingwa. Tuwaze chama cha akiba na mikopo chenye ofisi yake Tosamaganga, mwendo wa kilometa 15 hivi kutoka mjini Iringa, ambacho wanachama wake ni wauguzi, walimu na wakulima wa mahindi na alizeti. Chama hiki ni cha mfano tu. Seva ya hesabu zake iko mjini, katika ofisi ya kampuni. Usiku mmoja wa mwezi Januari radi inapiga, diski zinaungua, na asubuhi leja haipo. Wapo watakaosema kwamba vijitabu vya wanachama vitatosha kuijenga upya. Havitatosha. Mwenye akiba atakuja na kijitabu chake siku ileile. Mwenye mkopo hatakuja. Na siku hizi wanachama wengi hawana kijitabu kabisa, wana ujumbe wa simu tu, ambao huenda waliufuta mwezi uliopita kupata nafasi. Taarifa za vipindi ambazo chama humpelekea Mrajis nazo si badala ya leja, kwa kuwa jumla ya mikopo yote haisemi nani anadaiwa nini.

Radi yenyewe ni adui mdogo. Adui mkubwa wa miaka hii ni mwizi aingiaye kwa mtandao, ambaye amekwisha kujifunza kwamba chama chenye nakala hakimlipi, hivyo hutafuta nakala kwanza. Mwezi Juni mwaka 2024 huduma ya taifa ya maabara za afya ya Afrika Kusini ilivamiwa kwa namna hiyo, na sehemu za mfumo wake zikafutwa pamoja na zilizokuwa katika seva ya nakala; madaktari wakabaki wakipigiwa simu majibu ya vipimo vya dharura. Miaka 10 nyuma yake, mwezi Juni mwaka 2014, kampuni ya Code Spaces iliyokuwa ikiwatunzia wateja kazi zao za programu ilifunga milango baada ya mtu kuingia katika ubao wake wa usimamizi na kufuta karibu kila kitu, nakala zikiwamo. Vitabu na nakala vilifunguliwa kwa ufunguo mmoja. Huo ndio msingi wa jambo lote: nakala ifikiwayo kwa ufunguo uleule wa vitabu itakufa siku ileile vitabu vifapo.

Sasa tuende hatua kwa hatua, tukitumia chama chetu cha mfano. Ofisini Tosamaganga inawekwa kompyuta ndogo ya kutunza nakala. Haihitaji kuwa ya bei kubwa. Yahitaji diski mbili, betri ya kuivusha umeme ukatikapo, na chumba chenye kufuli. Katika seva ya mjini, kampuni inafungua akaunti moja ya kawaida, tuiite mnakili. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo ruti anaombwa kuifanya, tena mara moja tu.

Vitu vya kunakiliwa ni vya aina mbili. Viko vitabu vyenyewe, vikaavyo katika kanzidata, yaani hazina iliyopangwa ya taarifa; na yako mafaili ya kawaida, kama picha za fomu za mikopo na vitambulisho vya wadhamini. Mfumo wa uendeshaji wa seva hauna haja ya kunakiliwa na chama. Huo hupatikana tena popote kwa kuusimika upya, lakini akiba za wanachama hazipatikani dukani. Watu wengi hudhani kunakili bila ruti ni kunakili nusunusu kwa sababu mafaili ya mfumo hayasomeki. Kwa chama, nusu hiyo inayokosekana ndiyo ile isiyo na thamani.

Kanzidata inataka uangalifu wa pekee. Asitokee fundi akanakili mafaili yake moja kwa moja wakati seva inafanya kazi. Ni sawa na kupiga picha daftari wakati karani yu katikati ya kuandika: ameingiza malipo upande mmoja na hajaingiza upande wa pili. Picha itakuwa safi na hesabu itakuwa ya uongo. Ziko programu maalumu za kazi hii, kama pg_dump kwa kanzidata za PostgreSQL na mysqldump kwa MySQL. Hizo, zikitumiwa ipasavyo, huomba kanzidata iwaonyeshe vitabu kama vilivyokuwa katika nukta moja ya wakati, na huandika yote katika faili moja huku makarani wakiendelea na kazi. Haziendeshwi na ruti. Zatosheka na mtumiaji wa kanzidata aliyepewa haki ya kusoma.

Hapa pana mtego mmoja ambao mafundi wazuri pia huuingia. Tangu toleo la 14, lililotoka mwaka 2021, PostgreSQL ina cheo kilicho tayari kiitwacho pg_read_all_data, ambacho humpa mtumiaji haki ya kusoma kila jedwali. Ni rahisi, na katika seva ya chama kimoja ni kizuri. Katika seva ya pamoja hakifai, maana haki hiyo haikomi kwenye kanzidata moja, na mnakili wa Tosamaganga aweza kujikuta anasoma hesabu za chama cha kijiji kingine. Kampuni na itoe haki jedwali kwa jedwali, ndani ya kanzidata ya chama kinachohusika. Kwa mafaili ya picha yatosha mnakili kuingizwa katika kundi lenye ruhusa ya kusoma jalada hilo.

Pengine kampuni itapendekeza njia ya mkato: mnakili apewe ruhusa ya kuendesha programu moja tu kwa uwezo wa ruti. Ruhusa ya namna hiyo isipofungwa barabara ni uruti wenyewe uliovalishwa kanzu. Programu ya kunakili mafaili ikiendeshwa kwa uwezo huo pasipo mipaka, yaweza kusoma faili la maneno ya siri ya seva nzima, au kuandika faili jipya mahali popote. Kama hapana budi, amri iandikwe yote neno kwa neno, na mnakili asiweze kuiongezea herufi.

Baada ya vitabu kutolewa katika faili moja, faili hilo lisimbwe palepale kabla ya kutoka nje ya seva. Kusimba ni kuyageuza maandishi kuwa fumbo lisilosomeka pasipo ufunguo. Programu ya GnuPG, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 1999, hutumia funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Wa kwanza ni kama kufuli lililo wazi: yeyote aweza kulibana, likajifunga. Wa pili ndio pekee uwezao kulifungua. Ndani ya seva huwekwa ule wa kufunga tu. Ule wa kufungua hauwekwi katika seva, wala katika kompyuta ya nakala; huhifadhiwa katika flashi mbili na pia kwa kuchapwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha zilizotiwa lakiri, moja katika kasha la chama na nyingine mahali pengine palipoamuliwa na bodi. Mwizi aibaye kompyuta ya Tosamaganga usiku atakuwa ameiba chuma na mafumbo.

Usimbaji huu si ustadi wa ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imemtwika mwenye kukusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na nakala ya leja ni taarifa za watu kama leja yenyewe. Mshahara wa muuguzi na deni la mwalimu havipungui siri kwa kuwa vimo katika nakala.

Halafu ni safari. Njia ya kusafirishia ni SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen huko Ufini mwaka 1995 baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo chake. Na chombo cha kubebea ni rsync, kilichotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Swali kubwa ni nani amfuate nani. Seva ikiwa ndiyo inayopeleka nakala Tosamaganga, itabidi iwe na ufunguo wa kuingilia kompyuta ya nakala, na mwizi akiishika seva ameushika ufunguo huo. Kwa hiyo ni bora kompyuta ya nakala ndiyo iende kuchukua. Saa nane usiku mnakili huandaa faili na kulisimba ndani ya seva. Saa tisa kompyuta ya Tosamaganga hubisha hodi, huchukua, huondoka. Seva haijui hata njia ya kufika Tosamaganga.

Ufunguo wa kubishia hodi hauwezi kuwa na neno la siri la kuandikwa kwa mkono, kwa sababu saa tisa usiku hayupo wa kuliandika. Basi lazima ubanwe kwa namna nyingine. SSH huruhusu mstari unaoutambulisha ufunguo ndani ya seva utanguliwe na masharti, kama hivi:

restrict,command="rrsync -ro /srv/nakala" ssh-ed25519 ...

Maana yake ni kwamba mwenye ufunguo huu hapati ukumbi wa kutolea amri, hawezi kuigeuza seva kuwa daraja la kufikia mashine nyingine, na tendo pekee analoruhusiwa ni kusoma jalada moja. Aufungue mlango mara elfu, atakuta chumba kilekile chenye mafaili yaliyosimbwa. Masharti yaweza pia kutaja anwani ya mtandao ambako ufunguo utakubaliwa, ikiwa anwani ya ofisi haibadiliki.

Siku ya kwanza ya kuunganisha, kompyuta itauliza kama seva iliyojitokeza ndiyo yenyewe, na kuonyesha alama ndefu ya utambulisho wake. Karibu kila mtu hujibu ndiyo bila kusoma. Ndugu mhasibu, tafadhali usifanye hivyo. Mpigie fundi wa kampuni simu, akusomee alama iliyo kwake, nawe ulinganishe na iliyo kwako. Ni kazi ya dakika 2, na haifanywi tena mpaka seva ibadilishwe.

Upande wa Tosamaganga, rsync iamriwe isifute kitu na isiandike juu ya faili lililokwisha kufika, na kila faili liitwe kwa tarehe yake. Kwa njia hii, hata mwizi akiharibu yaliyomo katika seva, ya jana na ya juzi yamekwisha kuwa salama. Nakala za siku 7, za majuma 4 na za miezi 12 zinatosha kwa vyama vingi. Hizo za miezi zisionewe uzito wa diski: kasoro za hesabu aghalabu huonekana wakati wa ukaguzi, na nakala za wiki moja zitakuwa zote zimebeba kasoro ileile.

Kuhusu gharama ya mtandao, hofu ni kubwa kuliko hesabu. Nakala ya usiku mmoja yenye megabaiti 40 ni megabiti 320. Katika laini ya megabiti 1 kwa sekunde, itafika kwa sekunde 320, yaani dakika 5 na sekunde 20. Picha za fomu ndizo nzito. Zikiwa gigabaiti 4 zitachukua karibu saa 9 katika laini hiyohiyo, kwa hiyo nakala ya kwanza ya picha na isimbwe, iwekwe katika diski, ipande gari kutoka Iringa kama abiria wengine. Baada ya hapo zitakuja picha mpya tu. Tuseme pia kwamba faili lililosimbwa upya kila usiku hubadilika lote, na rsync haiwezi kupeleka tofauti peke yake. Chama chenye vitabu vikubwa kitazame programu za restic au Borg, ambazo husimba na kupeleka mabadiliko tu, huendeshwa na mtumiaji wa kawaida, na upande wa pokeo zaweza kuwekewa sharti la kuongeza bila kufuta.

Nakala ya pili yafaa ikae mbali zaidi. Kanuni ya 6 ya ushirika ni ushirikiano baina ya vyama, na hapa ina kazi ya kufanya: chama cha Iringa chaweza kutunza mafumbo ya chama cha Mbeya, na cha Mbeya kutunza ya Iringa, bila yeyote kuweza kumsoma mwenzake. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ilizorota kwa siku kadhaa. Chama ambacho nakala yake pekee ilikuwa ng'ambo kingekuwa kimeitenga na vitabu vyake wakati huo. Nakala iliyo Mbeya, ikishindikana kabisa, hufuatwa kwa basi.

Yote hayo ni bure kama nakala haijawahi kufunguliwa. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta kanzidata ya seva isiyokusudiwa. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kujikinga. Nakala za pg_dump zilikuwa hazitoki kabisa, kwa sababu programu ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata yenyewe. Na barua za kuonya kwamba kazi imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani, zisimfikie mtu. Waliokolewa na picha ya mtambo ambayo mtu aliichukua saa 6 kabla kwa shughuli nyingine. Kazi za wateja za saa hizo 6 zilipotea.

Hivyo, chama kisingoje barua ya kuonya. Kila asubuhi mhasibu afungue kompyuta ya nakala, aandike katika daftari la kawaida tarehe na ukubwa wa faili lililofika usiku, kisha atie sahihi. Faili lisipofika, au ukubwa wake ukishuka ghafla, aulize siku hiyohiyo. Na kila robo mwaka, mbele ya mjumbe wa kamati ya usimamizi, bahasha moja ifunguliwe, nakala ya siku ya mwisho wa mwezi isimbuliwe katika kompyuta isiyounganishwa na mtandao, vitabu virudishwe, kisha ichapwe urari. Jumla ya hisa, akiba na mikopo ilingane hadi senti na urari uliotiwa sahihi mwezi huo. Wasichague wanachama watatu wanaowafahamu na kuridhika kwamba majina yao yamo. Majina huwamo hata katika nakala mbovu. Zoezi likiisha, vitabu vilivyosimbuliwa vifutwe na bahasha itiwe lakiri mpya.

Kwa mpango huu, kampuni inashika seva, mhasibu anashika kompyuta ya nakala, na mwenyekiti pamoja na katibu wanashika ufunguo wa kufumbulia. Hakuna aliye na vyote vitatu.

Ikiwa kampuni itakataa hata akaunti ya kusoma, mkataba usomwe upya kabla ya kubishana. Pale ambapo mkataba hausemi lolote juu ya nakala, bodi iandike barua ikiomba mambo manne: akaunti moja ya kawaida isiyo na uwezo wa ruti, haki ya kusoma kanzidata ya chama pekee, jalada moja la kuwekea mafaili yaliyosimbwa, na kibali cha ufunguo wa SSH wenye masharti yaliyoonyeshwa hapo juu. Kwa fundi mwenye uzoefu ni kazi ya saa moja hivi. Kampuni ikisema bado haiwezekani, iombwe kwa maandishi ieleze ni sehemu ipi ya maombi hayo inayohatarisha vyama vingine, na jibu hilo liwekwe mezani siku mkataba utakapofika wakati wa kuhuishwa.